Kishawishi Chini ya Kitanda

Mwezi uliopita nilicheka kanisani, katika misa ya kumkumbuka mume wangu, na mpaka leo watoto wangu hawajanisamehe. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha puani, ambacho mtu akikaa nyuma anaweza kukigeuza kikohozi, lakini mjane hukalishwa benchi la mbele kabisa, chini ya macho ya padre. Padre wetu wa sasa ni kijana mzuri, anayehubiri kwa mikono yote miwili, ila yeye alimkuta Kletus akiwa mzee tayari, mtu wa fimbo na kofia ya sufu. Akasema, "Mzee wetu huyu alikuwa mtu wa kufunga. Tangu ujana wake hapa Nairobi, Kwaresima ikiingia, nyama haikupita mdomoni mwake hata mara moja." Hapo ndipo nilipocheka. Binti yangu mwanzoni alidhani nalia, akanishika bega na kunipa kitambaa, nami nikakipokea nikajifunika uso wote, kwa sababu sikutaka kumharibia padre mahubiri yake, lakini nilipokiondoa watoto wakaona nacheka.

Baadaye nyumbani, hapa Satellite, tulipokaa kunywa chai, wajukuu walianza kutajiana walichoacha kwa Kwaresima ya mwaka huu. Mmoja ameacha soda. Mwingine ameacha chipsi. Yule mkubwa ameacha simu, isipokuwa jioni, na isipokuwa akipigiwa, na isipokuwa akiwa na jambo la muhimu, na kwa jinsi nilivyomwona siku ile ana mambo ya muhimu kuliko waziri. Mdogo wao akaniuliza, "Na babu aliacha nini?" Nikamwambia babu aliacha kuku. Nikaishia hapo, maana mama yake alikuwa ananikodolea macho. Lakini hapa ninaposimulia hakuna wa kunikodolea, na mwaka ule ninautaka usemwe ulivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo. Mchana nilifanya kazi ya yaya Lavington, jioni nilishuka Kawangware, sehemu ya 46, kulala kwa Agneta, dada yake baba, ambaye kwetu tunamwita senje. Chumba cha senje kilikuwa kimoja tu, kimegawanywa kwa shuka lenye picha za tausi. Sufuria zilining'inia ukutani kwa misumari, kubwa hadi ndogo, zimesuguliwa kwa majivu mpaka unajiona meno. Ukuta wa pili ulikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu, na chini yake kalenda ya duka moja la chakula cha kuku, yenye jogoo mweupe aliyevimba kifua. Senje hakuona ubaya wowote. Jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilipokutana kwake kusali, watu wote walipiga magoti wakielekea huko, na ukifungua jicho kidogo katikati ya sala hukujua unamtazama nani.

Kletus alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa kando ya Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner, na kila ukimkuta alikuwa na chembe za sponji kichwani kama mtu aliyenyeshewa na kitu kisichoyeyuka. Alikaa Kibera, pande za Makina, na huko Kibera alikuwa na jumuiya yake nzuri tu, lakini kila wiki alikuja kusali na ya kwetu. Alisema ya kwetu inaimba vizuri zaidi. Uongo mtupu. Tulikuwa na sauti moja nzuri, ya Mzee Paulo mlinzi, naye alisinzia ubeti wa pili. Kila mtu alijua Kletus anafuata nini, na senje alimpenda kwa sababu alilelewa misheni tangu akiwa mdogo: alijua sala zote, alijua sikukuu za watakatifu, hata zile za watakatifu ambao wenyewe wangeshangaa kukumbukwa. Alichokuwa hajui ni mambo ya kwetu magharibi, ya ng'ombe na wakwe na nani anakula nini. Hayo misheni hawakumfundisha, na ndiyo yaliyotaka kutuua.

Siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, senje alikuwa na desturi yake. Kila mtu alisimama akatamka mbele ya wote atakachoacha mpaka Pasaka. "Semeni kwa sauti," alikuwa akisema, "Shetani asikie na majirani wasikie. Shetani anaweza kusahau. Majirani hawasahau." Mama wa makaa akaacha sukari. Mzee Paulo akaacha ugoro, na mkewe akasema "Tutaona." Halafu Kletus akasimama, akafuta sponji kwenye nywele, akasema, "Mimi naacha nyama yote. Na hasa kuku." Chumba kikanyamaza. Ili uelewe kunyamaza kule, lazima ujue kwamba jumuiya nzima tulikuwa watu wa magharibi, na mtu wa kwetu kuacha kuku ni sawa na mtu mwingine kusema kuanzia kesho ataacha kukanyaga chini. Senje machozi yalimlengalenga. Watu wakampigia makofi.

Kisha senje akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuacha maandazi, jambo dogo la kiasi, lakini hakunipa nafasi. "Skolastika ataacha mdomo," akasema. "Hatamjibu mtu, hata akitukanwa. Hatagombana na mtu, hata akionewa. Mpaka Pasaka." Nakiri mdomo wangu ulijulikana kuanzia bomba la maji mpaka stendi. Wauza mboga walinipunguzia bei kabla sijauliza. Lakini sikujua unajulikana kiasi kile: Kletus alipigiwa makofi, mimi nilipigiwa vigelegele. Mzee Paulo aliinua mikono juu akasema, "Mungu ni mwema."

Basi tukapakwa majivu, tukaanza. Wiki ya kwanza nilimaliza salama, ingawa memsaab wangu alinipeleka kwa daktari wake akidhani ninaumwa, kwa jinsi nilivyokuwa nimetulia. Wiki ya pili, msafiri wa kijijini kwetu alibisha mlangoni na kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na jogoo. Alikuwa mwekundu, mkia mweusi wa kung'aa, upanga wake wa kichwani umelalia upande mmoja kama bereti ya askari, na macho ya mtu aliyesafiri usiku kucha na hajafurahi. Ametoka kwa mama yangu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Huyo ni wa yule kijana. Mwambie ale. Mjomba Festo atakuja kumwona."

Kwetu jogoo wa namna hii si zawadi tu, ni swali. Mama wa msichana akimtuma kwa mwanamume, anauliza: je, umemkubali mwanangu? Mwanamume akimchinja akamla na wenzake, amejibu ndiyo, na wazee wanaweza kuanza kukaa na kuzungumza. Akimrudisha, amejibu hapana. Na akimfuga, hilo ni baya kuliko kumrudisha, maana amesema anafikiria, na kumbe hata mbuzi mnadani hafikiriwi hivyo. Mama yangu na mjomba Festo walikuwa wa kanisa la ngoma na kanzu nyeupe, lisilokuwa na habari ya Kwaresima. Kwao ule ulikuwa mwezi kama mwezi mwingine.

Jumapili nilimbeba jogoo kwa miguu mpaka Kibera. Chumba cha Kletus kilikuwa katika ploti ya mama mmoja Mnubi aliyeitwa Mama Zamzam, mwanamke mwenye hina mpaka viwikoni na Kiswahili kilichotutia aibu sisi wengine. Kletus aliishi na Oduor, fundi wa baiskeli kutoka ziwani, Mkatoliki pia, ambaye hakuna mtu aliyeipenda Kwaresima kama yeye. Kila Ijumaa, wakati sisi wengine tunamezea ugali kwa mrenda, Oduor alikuwa anakaanga ngege mzima. "Padre mwenyewe amesema samaki si nyama," alikuwa akisema, akifyonza kichwa. "Mimi natii tu."

Kletus alipofungua kikapu na kuona kilichomo, akarudi nyuma hatua moja. "Skola, hii ni kishawishi."

"Ni mama ameituma," nikasema.

"Shetani anaweza kutumia hata mama."

Siku nyingine yoyote, hapo hapo, angejua mama yangu anatumiwa na nani. Nilihisi maneno yakipanda kooni kama uji unaofurika, nikayameza. Nikasema polepole, kwa sauti niliyoazima kwa watawa, "Kletus, kwetu jogoo kama hii inaliwa."

"Italiwa. Pasaka. Tutakula pamoja, itakuwa imenona."

"Ni vizuri iliwe mapema."

"Skola," akasema kwa upole, akiweka mkono kifuani, "usinijaribu." Oduor, ambaye alikuwa anakaanga, akatikisa kichwa akinihurumia, akasema basi huyu jogoo apewe jina, aitwe Kishawishi. Wakamfunga kamba mguuni na kumwingiza chini ya kitanda.

Nilirudi kwa senje nikiwa nimejaa maneno mpaka masikioni. Nikamweleza. Senje alikaa chini, akafikiri, na nikaona jinsi alivyopima mambo mawili: ndoa yangu upande mmoja, na upande mwingine mwanamume pekee katika jumuiya zote za Kawangware aliyeacha kuku. "Usimwambie," akasema. "Ukimwambia atakula, na mimi nimeshamtaja kwa katekista. Festo hawezi kuja sasa. Huu ni wakati wa kupanda, hataacha shamba. Atakuja baada ya Pasaka, jogoo atakuwa ameshaliwa, nani atajua aliliwa lini?" Nilitaka kubisha. Akanyoosha kidole kuelekea Moyo Mtakatifu, au kuelekea kalenda, sikujua. "Mdomo, Skolastika."

Siku hizi nikiwasikia vijana wakiulizana umeacha nini, huwa nataka kuwaambia kwamba kuacha si kazi. Kazi ni kile kinachokuja kukaa mahali pa ulichokiacha. Mimi niliacha mdomo, mahali pake pakaja hofu. Nililala upande wangu wa shuka la tausi nikimsikiliza senje akikoroma, nikiwaza kwamba yule mtu wa sponji nampenda, sijui hata kwa nini, na kwamba kuku anaweza kunikosesha yeye. Sikuwa nimewahi kumtaka mtu hivyo. Na Kletus aliacha kuku, mahali pake pakaja kitu ambacho hata yeye hakukitegemea.

Mwanzoni ilikuwa mateso ya kawaida. Oduor alitusimulia kwamba Kletus aliongea usingizini, akisema kwa sauti ya kuomba, "Mchuzi kidogo tu." Alikaa kitandani akimtazama jogoo jinsi wengine wanavyotazama dirisha la duka. Mama Zamzam naye hakufurahi, kwa sababu Kishawishi aliwika mapema kuliko adhana. "Huyu wenu anamtangulia muadhini," alilalamika. "Na saumu gani hii ya kuweka kitoweo uvunguni? Sisi tukifunga tunafunga. Nyinyi nawaona saa nne mko na chai." Kletus akamweleza kwa heshima zote kwamba kufunga kwetu ni kushindana na tamaa, na tamaa ikiwa karibu, ushindi ni mkubwa zaidi. Mama Zamzam akamtazama, akamtazama na jogoo, akasema, "Haya baba. Akinya kwenye mkeka wangu utanilipa mwingine."

Lakini kufikia wiki ya nne nilianza kuona mambo. Kletus alikuwa akimega tonge la kwanza la ugali na kulitupa chini ya kitanda kabla hajala yeye. Ile kamba ilikuwa imeondolewa. Siku moja nikaingia nikamkuta amepiga magoti, nikadhani anasali, kumbe anapima. Jumapili iliyofuata kitu kilikuwa tayari: sanduku dogo la mbao laini, sponji ndani, limevishwa mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mteja fulani wa Hurlingham, vifungo vimevutwa ndani kwa uzi mmoja mmoja. Kishawishi alikuwa amekaa juu yake, kifua mbele. Mimi wakati huo nalalia godoro la nyasi. Sijapata kumwonea kuku wivu kabla ya siku ile, wala baada yake.

"Unaona jinsi ametulia?" Kletus akaniuliza, uso unang'aa. Nikasema naona. Oduor akaniambia chinichini, "Shemeji, hii Pasaka mtakula sukuma."

Mwaka ule mvua zilichelewa. Hilo senje hakulipiga hesabu. Bila mvua hakuna kupanda, na bila kupanda mjomba Festo hakuwa na kazi. Ijumaa moja kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi, nikiwa nafunga kitambaa kwenda kazini, akaingia: mtu mkubwa, koti la kijivu, kofia mkononi, viatu amevipaka mafuta ya kupikia vikang'aa. Akanywa chai, vikombe vitatu. Akasema gari lake la kurudi ni jioni hiyo hiyo, kwa hiyo twende akamwone kijana, ale naye, arudi na habari. Senje aliniangalia. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona senje hana la kusema, na mimi ndiye niliyekuwa chini ya nadhiri.

Nikatuma mtoto wa jirani akamwambie memsaab naumwa, na haukuwa uongo. Mchana, mjomba alipokwisha kupumzika, tukatembea mpaka Kibera. Njia nzima mjomba alizungumza juu ya kuku. Alieleza jogoo yule alivyokuwa kinara wa boma, alivyompiga mwewe, mama alivyolia kidogo akimfunga miguu. "Sijui walimpika na nini," akasema. "Huyo hafai nyanya nyingi."

Ijumaa za Kwaresima Kletus alifunga karakana mapema, akajiandae kwenda kwenye Njia ya Msalaba, kwa hiyo tulimkuta. Alipoelezwa mgeni ni nani, alimkaribisha kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, na mimi na senje tukakaa kitandani, miguu tumeibana pamoja kana kwamba tunaweza kuziba kilichoko chini. Oduor alikuwa pembeni na karai lake. Mjomba akaangalia dari, akaangalia kuta, akaridhika. Kisha akaegemea, akaweka kofia gotini, akatabasamu.

"Sasa kijana," akasema. "Ile jogoo ilikuwa tamu?"

Kabla Kletus hajafungua mdomo, Kishawishi aliwika. Aliwika kwa nguvu zake zote, kutoka chini ya makalio ya senje, na senje akaruka.

Kungekuwa na mwanamume mwingine pale, angesema ni jogoo mwingine, ni wa jirani, ni wa Mama Zamzam. Kletus hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliinama akavuta sanduku la mahameli, jogoo akiwa juu yake kama chifu kwenye baraza, akaliweka mbele ya mjomba kwa fahari. "Yuko hapa, mjomba. Nimemtunza."

Mjomba akainama, akagusa mahameli kwa kidole. "Umeitengenezea kiti," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Mahameli."

Mjomba Festo akasimama, akavaa kofia yake taratibu. "Basi nimeona. Nitaenda niwaambie nyumbani. Nitasema msichana hakukubaliwa, lakini kuku imekubaliwa."

Kletus akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wakwe. Halafu akaona uso wangu. Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni, na mimi nikajua kwamba akivuka kile kizingiti hakuna atakayemrudisha, maana mtu wa kwetu harudi kuuliza swali lile lile mara ya pili. Nikafungua mdomo.

Sikumbuki yote. Oduor alikuwa akiyakariri mengine kwenye sherehe zetu mpaka alipozeeka, na mengine nadhani aliongeza. Najua nilianza na mjomba, nikamwambia aketi chini, hakuja kutazama kuku, alikuja kutazama mtu. Nikamgeukia senje na jumuiya yake na katekista wake. Nikamgeukia Oduor na samaki wake, ambaye hakuwa na kosa lolote. Kisha nikamfikia Kletus. Nikamwambia kwamba anajua sikukuu ya kila mtakatifu aliyekufa lakini hajui jogoo wa mama mkwe huliwa. Nikamwambia amemvisha kuku mahameli, mimi hata kitambaa cha kichwa hajanipa. Nikamwambia, "Swali ni mimi! Hiyo jogoo ni mimi! Umeniweka chini ya kitanda tangu wiki ya pili unanifikiria!" Nje, ploti yote ilikuwa imesimama kusikiliza. Hata jogoo alinyamaza.

Kletus akapiga magoti kando ya sanduku. "Lakini leo ni Ijumaa," akasema kwa sauti ndogo.

"Kesho mjomba hayuko."

"Niliapa mbele ya watu."

"Uliapa," nikasema. "Na mimi niliapa, na umesikia."

Oduor akakohoa. "Samaki haiwezi kusaidia hapa?"

"Mimi sikutumwa samaki," mjomba akasema, lakini alikuwa ameshaketi.

Pazia la mlango likasogea, akatokea Mama Zamzam na kisu. Hakuuliza kitu. Alikishika upande wa makali, akampa Kletus mpini. "Nimesikia kelele nikajua siku yake imefika," akasema. "Kimenolewa jana."

Kletus akamchukua jogoo kwapani, akachukua kisu, akatoka kwenda nyuma ya ploti karibu na bafu la mabati. Tukangoja. Hatukusikia kitu. Tukangoja zaidi, mjomba akaanza kugongagonga kidole kwenye kofia, nami nikainuka nikamfuata. Nilimkuta amechuchumaa, jogoo gotini, kisu chini, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti.

"Skola," akasema, "wiki ya kwanza nilimtamani mpaka nikatetemeka. Kila nikimtazama naona mchuzi. Nilijua kabisa nikimshinda huyu nimeshinda. Sasa sioni mchuzi tena. Naona ni yeye tu." Akamshika upanga wa kichwani. "Nilikuwa nafikiri jinsi ya kukuambia hata Pasaka sitaweza."

Nilikuwa bado na maneno, mengi, ya moto. Lakini nilimwona mtu mzima analia kwa ajili ya kuku na bado hajainuka kumrudisha ndani, yuko pale pale, anajikaza, na nikajua anajikaza kwa ajili yangu. Yale maneno yakakosa kazi. Nikachuchumaa nikashika miguu na mabawa. Yeye akafumba macho, akasali kitu kwa Kilatini, akashika kisu.

Tulimnyonyoa kwa maji moto ya Mama Zamzam, tukambabua, nikampika kwa kitunguu na nyanya moja tu, kwa heshima ya mjomba. Harufu ilitoka ikatembea Makina nzima, na watu waliopita mlangoni wakielekea kwenye Njia ya Msalaba walipunguza mwendo. Senje alisema yeye hawezi, ni Ijumaa, ana jumuiya ya kuongoza, akachovya tonge. Akachovya tena. Akasema mchuzi si nyama, akachovya mpaka bakuli likabaki jeupe. Oduor alijitenga pembeni na samaki wake, mgongo umenyooka, Mkristo pekee aliyebaki chumbani, na alihakikisha tumemwona.

Kletus alipewa paja. Alilitazama, akaniangalia, akaanza kula. Hakuacha hata uzi wa nyama. Alitafuna polepole, akimeza kwa shida, na baina ya tonge na tonge alifuta macho kwa kiwiko akisingizia moshi, na moshi haukuwepo. Nimeishi na watu wa sala miaka mingi. Nimeona wanaokunywa maji matupu siku nzima, nimeona wanaopanda mlima kwa magoti. Kujinyima nilikokuona kwa macho yangu, mtu akitoa kile hasa asichotaka kukitoa, ni siku ile, na aliyejinyima alikuwa anakula kuku siku ya Ijumaa. Nilipomsikia padre kijana akimsifu kwamba nyama haikupita mdomoni mwake, hilo paja ndilo lililonijia.

Mjomba alikuwa na firigisi mbele yake, maana hiyo ni ya mkubwa wa meza, na kwetu kuna ndugu walioacha kusalimiana kwa sababu ya firigisi. Alikuwa ameona yote. Akaichukua kwa vidole viwili, akaivusha, akaiweka juu ya ugali wa Kletus. "Kula, mwanangu," akasema. "Tutakuja kuzungumza baada ya kupanda."

Kesho yake Kletus alikwenda kuungama. Mimi nilikuwa kwenye foleni nyuma yake na dhambi zangu za mdomo, na sote tulisikia padre, mzee mmoja mzungu asiyecheka hata Krismasi, akicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Malipizi aliyopewa hakuniambia kamwe.

Lakini ninachokitafuta moyoni siku hizi si hicho. Ni ile njia ya jioni. Mjomba alikuwa amekwenda kupanda gari lake, senje ametangulia na mama mmoja wa Riruta, na Kletus akanisindikiza kurudi Kawangware. Tulivuka Ngong Road. Tulipofika karibu na karakana yake akauliza, bila kunitazama, "Yale maneno yote ulikuwa nayo tumboni tangu Jumatano ya Majivu?"

"Yale yalikuwa nusu."

Akafikiri. "Basi sema yaliyobaki," akasema. "Njia ni ndefu."

Nikasema. Nilisema kutoka Dagoretti Corner mpaka 46, na yeye alisikiliza, mikono nyuma, akiitikia "mm" mahali panapofaa, na aliendelea kuitikia "mm" mahali panapofaa katika kila chumba tulichopanga na nyumba tuliyojenga, mpaka mwaka jana. Kwaresima hii hakuna aliyeniambia nifunge mdomo. Asubuhi naamka, chai inachemka, na nina maneno ya kumwambia, mengi tu, kuhusu padre, kuhusu wajukuu, kuhusu bei ya makaa. Namimina kikombe kimoja, nakaa na maneno yangu, nanyamaza.